Maisha ya Marehemu Siti binti Saad, na Nyimbo Zipi Ziitwe za Wenyeji

Ndugu zangu wa jumuiya wamenitaka niandike katika kijitabu hiki cha kumbukumbu maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki zamani. Najua ya kuwa wengi walitazamia nitaandika juu ya mwanachuoni, au juu ya mmoja wa wazee waliotujengea msikiti. Mimi nimemchagua mwanamke, tena mwimbaji. Msomaji asinihukumu kwa haraka, maana sababu yangu nitaieleza.

Tulipokaa hapa Gisenyi kupanga shughuli za sherehe yetu, palizuka mabishano. Katika ratiba tulitenga saa moja kwa nyimbo za wenyeji. Kijana mmoja, mwenye elimu na adabu, akasema kuwa saa hiyo ni ya inanga, umuduri na ngoma za Kinyarwanda tu. Nyimbo za Kiswahili waimbazo mama zetu arusini ziondolewe, kwa kuwa ni taarabu, na taarabu ni kitu cha pwani kilichotoka Misri na kusambazwa kwa sahani za santuri. Hakusema kwa ubaya. Walakini kina mama watu wazima waliokuwa wamekaa upande wa mlangoni walinyamaza kimya, na kimya chao sikukipenda. Tukaahirisha shauri lile, nami nikarudi nyumbani nikiwaza habari za Siti binti Saad.

Jina lake nililisikia mara ya kwanza nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1970. Palikuwa na arusi katika mtaa wetu, na wanawake wakaimba ndani kwa makofi na dufu. Wimbo mmoja ulinipendeza mno, nikamwuliza bibi yangu ni wa nani, naye akanijibu kuwa ni wetu. Siku ya pili mzee mmoja jirani, aliyekuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, akanisahihisha kwamba ule wimbo ni wa Siti binti Saad wa Unguja, na kwamba yeye aliusikia kwenye sahani alipokuwa kijana. Nikarudi kwa bibi mbio, nikifurahi kama mtu aliyemshika mwenziwe katika uwongo. Bibi hakutaharuki. Aliniambia kuwa kama Siti aliuimba, yeye naye aliuimba, na ndio aliomwimbia mama yangu siku alipoolewa. Sikuwa na jibu, na kwa kweli imenichukua zaidi ya miaka arobaini kulipata.

Basi na tuanze na maisha yenyewe.

Marehemu alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi wa Tabora, na asili ya mama yake ilikuwa Uzaramo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria ila mwaka 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika wakati ambapo mtu alikuwa hauzwi tena sokoni, wala bado si huru. Wazazi wake wakampa jina la Mtumwa. Sisi ambao hutafuta jina jema, tukamchinjia mtoto akika na kumwombea baraka, yatupasa tusimame kidogo hapo, tufikiri mtoto akiitwa hivyo uani, njiani na kisimani, kila siku ya utoto wake.

Skuli hakusoma. Kazi yake ilikuwa ile ya mama yake, nayo ni ufinyanzi. Watu wa Fumba walichimba udongo, wakafinyanga vyungu na mitungi, wakavichoma, na kisha vikatembezwa kuuzwa. Muuza vyungu hana duka wala kibao cha kutangaza biashara yake, hana ila miguu na sauti. Huyu binti alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu wakaizoea sauti hata wakamjua kabla hawajamwona. Napenda kulikumbuka jambo hili kila nisikiapo watu wakisema kuwa Siti alifundishwa kuimba mjini. Mjini alifundishwa kuimba pamoja na ala. Sauti aliingia nayo, na alikuwa amekwisha kuizoeza kwa miaka mingi akiwa na mzigo kichwani.

Aliolewa, akazaa mtoto wa kike, kisha akaachika. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka kama thelathini, akaondoka Fumba akaingia mjini.

Mji wa Unguja siku zile ulikuwa kama miji miwili. Upande mmoja palikuwa na nyumba za mawe za mabwana, wafanyabiashara na watawala, na upande wa pili, ng'ambo ya hori, palikuwa na nyumba za udongo na makuti za vibarua, mafundi na watu waliotoka utumwani. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na huko ndiko alikojulikana. Taarabu nayo ilikuwa ya upande wa mawe. Husimuliwa kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Misri mtu mmoja aitwaye Mohamed Ibrahim kujifunza ala, arudi amwimbie katika jumba lake. Mwaka 1905 waungwana wa mjini wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala na kufanya mazoezi. Waliimba kwa Kiarabu. Waliokielewa walistarehe, na wasiokielewa walisimama nje wakasikiliza utamu wa sauti bila ya kujua kinachosemwa, jambo ambalo sisi masheikh tunalifahamu vizuri, kwa kuwa na sisi mara nyingine huhutubu hivyo hivyo.

Mwanachama mmoja wa Ikhwani Safaa aliisikia sauti ya mwanamke huyu, akaona ni hasara kuiacha ipotee, akamfundisha kuimba kwa ala. Baadaye wakakusanyika naye wapigaji wake mwenyewe: Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi Talsam ambaye alikuwa kipofu, Budda bin Mwendo, na Maalim Shaaban. Kwa udi, fidla na dufu wakafanya taarabu iliyokuwa na umbo la ile ya jumba la Seyyid, ila maneno yake yalikuwa ya Kiswahili. Katika jambo hili Siti alitangulia, na wengine wakafuata. Wimbo uliokuwa ukisikilizwa kwa adabu tu ukawa sasa unaeleweka hata na mpishi, mchukuzi wa bandarini na mama muuza maandazi. Yeye mwenyewe hakuikana kabisa lugha ya Kiarabu, na alijua kuimba kwayo alipotakiwa. Lakini habari za watu aliwapa kwa lugha yao.

Hapo hapo likaja jina jipya. Watu wakaacha kumwita Mtumwa wakamwita Siti, neno litokalo katika Kiarabu, na maana yake ni bibi mwenye heshima. Jina hili halikuwa la kuzaliwa nalo wala la kuolewa nalo, watu walimpa kwa kumstahi. Naye akavaa buibui kama wanawake wa heshima walivyovaa. Binti wa Fumba, ambaye mama zake walinyimwa hata haki ya kujisitiri watakavyo, akawa anaingia katika nyumba za watu akiwa amejifunika, na watu wanasimama kumpokea.

Si wote waliopendezwa. Waimbaji wengine walimwonea kijicho, wakatunga maneno ya kumkumbusha alikotoka, na nguo duni aliyovaa alipoingia mjini, na kwamba lau si sauti yake asingepata hata chakula. Wakamcheka pia kwa sura. Yeye hakwenda mahakamani wala hakugombana barabarani. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba uzuri wa sura si kitu ikiwa mwenye sura hana akili wala tabia. Maneno ya wale waliomdhihaki bado yanakumbukwa, lakini yanakumbukwa kwa sababu yalimhusu yeye. Waliyoyatunga wamesahauliwa majina, isipokuwa na wataalamu.

Nyumba yake huko Ng'ambo ikawa mahali pa watu kukusanyika usiku. Waliokuja hawakuja kwa starehe peke yake, walikuja kwa habari. Katika mji ambao wengi hawakujua kusoma gazeti, nyimbo za Siti na wenzake zilieleza nani kafungwa na kwa nini, hakimu gani kapendelea, karani gani kaiba mali ya serikali, na mume gani kamtendea mkewe uovu. Wimbo wake mmoja maarufu sana, uitwao Kijiti, wahusu mtu aliyemwua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea kutoka Dar es Salaam. Muuaji akakimbilia bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, kwa kosa la ulevi. Watu wa Ng'ambo waliona uchungu na mahakama haikuwasikiliza, basi uchungu ule ukatiwa katika wimbo. Maiti yule asingekumbukwa na mtu leo, kama si mwimbaji aliyekataa kumsahau.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Kiingereza ya His Master's Voice ikamsafirisha yeye na wapigaji wake kwa meli hadi Bombay, wakaimba mbele ya mashine. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani. Kampuni haikutazamia makubwa, lakini sahani zile zilinunuliwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Wakaitwa tena wakarekodi nyingine. Sahani zikaenda kila mahali palipofahamika Kiswahili: Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam, na bara kwa njia zile zile walizopita wenye misafara zamani. Katika migahawa ya kahawa mwenye gramafoni aliweka sahani, na wateja wakawa hawaondoki. Ndivyo wimbo wa Ng'ambo ulivyoweza kumfikia kijana wa ukingo wa ziwa Kivu, yule jirani yetu mzee, hata akaja kunisahihisha mimi.

Nimebahatika kuzisikia baadhi ya sahani hizo. Sauti imejaa mikwaruzo ya wakati, lakini pumzi yake ndefu yasikika, na vile anavyovuta irabu na kuzikata mahali pake. Mtu aliyezoea tajwidi huliona jambo hilo upesi. Namwomba Mola maghufira ikiwa ninalinganisha visivyolinganishwa.

Na hapa, kwa kuwa mwandishi ni sheikh, sina budi kusema neno juu ya hukumu ya nyimbo, nisije nikaambiwa nimeliruka shimo. Wanavyuoni wametofautiana. Dufu katika arusi na sikukuu ina asili katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Juu ya ala za nyuzi wengi wamekataza, na wengine wameangalia yale yanayosemwa na hali ya wasikilizaji. Imam Ghazali aliliwekea jambo la kusikiliza kitabu kizima ndani ya Ihya yake. Mimi si katika wanaoruhusu kila kitu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Lakini kueleza maisha ya mtu si kutoa fatwa, na mwanamke Mwislamu aliyetetea walioonewa, kwa njia aliyoijua, hastahili tuone haya kumtaja.

Aliimba mbele ya Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja tangu 1911 hata 1960, na aliimba katika nyumba za makuti. Heshima aliyoipata mjini haikumwondoa kwa watu wa Ng'ambo. Uzee ulipomjia, mtunzi wetu mashuhuri Shaaban Robert alimwendea, akamwuliza habari za maisha yake, akaziandika. Kukutana kwao kuliwahi kidogo tu kabla ya mauti, maana Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kwa umri wa miaka kama sabini. Wasifu ule ulichapishwa mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baada ya mtunzi mwenyewe kufariki mwaka 1962 ukatoka kuwa kitabu. Nyimbo zake ziliendelea kuishi midomoni mwa wengine, na aliyejulikana zaidi duniani katika hao ni Bi Kidude wa Unguja, aliyeimba mpaka uzeeni sana, akafariki mwaka 2013.

Sasa narudi kwa kijana wetu na ratiba yake.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba ala zimetoka ng'ambo. Ni kweli. Lakini tuiangalie ikembe, ambayo hapa kaskazini magharibi ya Rwanda hakuna asiyeihesabu kuwa ya kwetu. Ikembe iliingia kutoka Kongo, ikapita mikononi mwa wachukuzi na wafanyakazi, na si zamani sana. Haikuulizwa cheti cha kuzaliwa. Watu waliitia maneno yao, mizaha yao na misiba yao, na baada ya muda hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuwa ilikuwa mgeni.

Hoja ya pili ni kwamba nyimbo za wenyeji hazina mtungaji ajulikanaye, na taarabu ina watungaji. Nayo haisimami. Rujindiri, mpiga inanga ambaye wazee wetu walikuwa wakinyamazisha watoto akisikika redioni, alijulikana kwa jina lake na kusifiwa kwa ustadi wake, na hapana aliyesema kuwa kwa sababu hiyo inanga yake si ya Wanyarwanda. Mwimbaji kujulikana jina si dhambi. Aghalabu mtungaji wa zamani hatumjui kwa sababu hapakuwa na aliyemwandika tu, naye siku zake alijulikana kijiji kizima kama Siti alivyojulikana Fumba.

Hoja ya sahani ndiyo iliyonisumbua, kwa maana kitu kinachouzwa na kampuni chaweza kweli kuua kinachoimbwa nyumbani. Nimekwisha kuona arusi ambazo hakuna mtu aliyefungua kinywa, mashine imefanya kazi yote. Lakini wanawake wa mtaa wetu hawakuicheza sahani ile. Waliitoa wimbo wake, wakauacha udi na fidla, wakauimba kwa makofi na dufu, wakabadilisha majina ya maharusi na wakaongeza beti za kwao, nyingine zikiwa na maneno ya Kinyarwanda ndani yake. Siti mwenyewe angalisikia, nadhani angalicheka, kisha angaliuliza ni nani aliyetunga ubeti wa tatu. Kwangu mimi wimbo wa wenyeji ndio huo: ule ambao watu wanaweza kuuimba pasipo mwenye kulipwa, wakautia habari zao, na wakamfundisha mtoto bila ya kitabu.

Lipo jambo jingine chini ya mabishano haya, na nitalisema wazi. Waislamu wa Rwanda tuliitwa Waswahili, na neno lile lilikuwa na maana ya mgeni. Wazee wetu wa kwanza walikuja na Wadachi na misafara ya biashara, wengine wakiwa askari, wengine wachuuzi, na Wanyarwanda wengi wakasilimu kwao. Wakati wa Wabelgiji tulikaa mitaa yetu ya peke yetu, na hata safari zetu ziliwekewa masharti. Mtu aliyezaliwa hapa, na baba yake hapa, alikuwa bado akiulizwa kwao ni wapi. Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha rasmi ya nchi hii ila mwaka 2017. Ndiyo maana kimya cha wale mama mlangoni sikukipenda. Walisikia kwa mara nyingine swali wanalolijua, ila safari hii limeulizwa ndani ya jumuiya yao, na kijana wao wenyewe, ambaye mama yake aliimbiwa nyimbo hizo hizo.

Nilimwendea kijana yule nyumbani kwake baada ya Isha, nikampa habari za Siti kama nilivyozieleza hapa, ila kwa urefu zaidi, maana mkewe alituletea chai mara mbili. Aliuliza maswali mengi juu ya wimbo wa Kijiti. Juu ya ala za nyuzi hatukukubaliana, yeye ni mkali kuliko mimi, na huenda haki ni yake. Lakini ratiba aliiandika upya kwa mkono wake. Mpiga inanga ataanza baada ya sala ya Alasiri uwanjani. Kisha kina mama wataimba upande wao, ndani, kwa makofi na dufu, muda wa nusu saa, na katika karatasi yeye ameandika mstari mmoja tu juu ya wote wawili: nyimbo za wenyeji.